Nukta za Jokerman

Nukta moja ya Jokerman, ile fonti ya kompyuta yenye herufi za mapambo, ukiikata kwenye stika yenye herufi za sentimita 2, ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Nimezibandua kwa ncha ya sindano, moja baada ya nyingine, saa tatu usiku, mlango wa duka umefungwa nusu, kijana wa bodaboda amekaa nje juu ya pikipiki yake akisubiri maneno mawili ya kubandika kwenye tangi la mafuta: ASANTE MAMA. Herufi 10 tu. Kwa mwandiko wa kawaida hiyo ni kazi ya dakika tano. Usiku ule ilinichukua zaidi ya saa nzima, na bado kuna nukta mbili zilidondoka sakafuni sikuziona tena.

Asiyewahi kukata stika pengine hajui taabu inatoka wapi. Mashine ya kukata haipaki rangi. Ina kisu kidogo kinachofuata ukingo wa kila umbo na kukata ile plastiki ya juu tu, karatasi ya chini inabaki nzima. Mashine ikimaliza ndipo kazi ya mkono inaanza: unabandua yote yasiyotakiwa, unaacha herufi peke yake. Dukani kwetu tuliita kuchambua, kama mchele. Herufi A ya kawaida ina umbo la nje na tundu moja la ndani, basi. A ya Jokerman ina umbo la nje, tundu, na mapambo yake, na kila pambo ni kipande kinachojitegemea. Kikiwa kidogo mno hakishiki karatasi, kinaondoka na kisu au kinang'ang'ania kwenye kidole chako. Halafu unapobandika ile tepu angavu ya kuhamishia herufi kwenye tangi, unaomba Mungu kila nukta inyanyuke na wenzake.

Nimefanya kazi ya steshenari Moshi kwa miaka 11, mitaa ya karibu na stendi kuu, na katika miaka yote hiyo hakuna mwandiko ulionifundisha kazi kama huu. Wateja hawaujui kwa jina. Wanasema, "Dada, niwekee ule mwandiko wa kuremba," au "ule unaocheza." Wengine wanaunyooshea kidole kwenye kadi ya jirani. Mimi mwenyewe nilikuwa nauita Jokeman mpaka siku nilipoisoma orodha ya fonti vizuri.

Jokerman ilichorwa mwaka 1995 na Mwingereza anayeitwa Andrew K. Smith. Sisi tuliipata ndani ya kompyuta, imekuja pamoja na Microsoft Office, na kwa kuwa ilikuwa pale bila kununuliwa wala kutafutwa, ikaenea. Mwili wake ni mnene. Mistari haisimami wima wala hailali sawa, kila herufi imeegama kidogo kama mtu anayesikiliza muziki. Ndani ya herufi na pembeni yake kuna nukta, vistari vifupi na mizunguko kama ganda la konokono. Mapambo mengine yameshikana na herufi, mengine yanaelea tu. Ina unene mmoja peke yake. Ukibonyeza ile B ya kukoleza, kompyuta inainenepesha kwa nguvu, na vile vinafasi vilivyoachwa na mchoraji vinaanza kuziba.

Huo unene mmoja unakuambia kitu. Mchoraji hakuitengeneza isomwe kurasa. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932, kwenye safu nyembamba za habari zenye herufi ndogo. Kazi yake ni kujificha: unasoma habari, huoni herufi. Jokerman imezaliwa kinyume chake. Inataka uione yenyewe kwanza, kabla hujajua neno linasema nini. Mimi hapo ndipo nilipochelewa kuelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu.

Alikuwa mama mmoja kutoka Pasua, mwanawe anapata kipaimara. Anayeijua Kilimanjaro anajua uzito wa kipaimara: ni ndafu, ni mbege, ni ndugu wa Dar wanapanda basi, na kabla ya yote ni kadi za mchango. Alitaka kadi 150 za A5 na akataka zichangamke. Nikamwekea Jokerman kuanzia juu mpaka chini. Jina la mtoto, jina la kanisa, tarehe, ukumbi, kiwango cha mchango kwa mmoja na kwa wawili, namba ya simu ya kutumia pesa. Maelezo yote kwa pointi 14. Kwenye kioo cha kompyuta niliyakuza, nikayaona yanapendeza, nikaridhika. Rangi ilikuwa ghali kwake, kwa hiyo tulichapa nakala moja nzuri nyingine tukatoa fotokopi.

Pointi 72 ni inchi moja. Kwa hiyo herufi ya pointi 14, tangu juu ya ile ndefu mpaka chini ya ile inayoning'inia, haifiki milimita 5, na nukta iliyo ndani yake ni kama kichwa cha pini. Mashine ya fotokopi haina huruma na kitu cha ukubwa huo. Inakimeza au inakifanya doa. Namba ya simu ikawa na 3 zinazofanana na 8, na mapambo ya pembeni yakawa kama vituo katikati ya tarakimu. Watu wa heshima zao wakampigia mtu wasiyemjua kumwuliza habari za mchango. Wengine waliona jina lisilo sahihi linatokea kwenye simu wakati wa kutuma, wakasita, na hawakutuma tena. Mama yule alikuja dukani na kadi mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, hii kadi ni nzuri, lakini watu hawaisomi." Nilizichapa upya zote kwa gharama yangu, ila wiki mbili za kuchangisha zilikuwa zimekwisha kwenda, na wiki mbili katika mambo ya mchango ni nyingi.

Tangu siku hiyo namba haiingii kwenye mwandiko wa mapambo. Si namba ya simu, si tarehe, si kiasi cha fedha, si jina la mahali mtu anapotakiwa kufika. Neno ukilikosea herufi moja, macho yanakusaidia, kwa sababu unalijua. KARIB lililofutika mwisho bado utalisoma karibu. Tarakimu haina msaada huo. 3 ikiharibika, hakuna kilicho jirani yake cha kukuambia ilikuwa 3.

Aliyenifungua macho zaidi ni mzee mmoja fundi wa mabango, wa kuandika kwa brashi. Ana kibanda upande wa Soko la Mbuyuni: makopo ya rangi ya mafuta, chupa ya tapentaini, uzi uliopakwa chaki wa kupigia mistari, na fimbo yenye kitambaa kichwani ya kuegemezea mkono usitetemeke. Ameandika mbele za maduka, milango ya malori, mbao za zahanati, tangu mimi sijazaliwa. Mashine kama zetu zilimpunguzia kazi nyingi, na bado alikuwa anapita dukani kutoa nakala na kutazama tunachofanya, bila kinyongo.

Siku hiyo nilikuwa nimebandika ukutani bango nililolitengeneza kwa furaha, neno moja kubwa juu: TUNAWAKARIBISHA. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama ukutani. Akalitazama muda mrefu. Halafu akasogea na kuweka kidole juu ya A ya kwanza, akakihamishia ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho.

"Binti yangu," alisema, "hizi A nne ni moja."

Sikumwelewa. Akaninyooshea nukta. A ya kwanza ina nukta mahali fulani, ya pili ina nukta mahali palepale, ya tatu palepale, ya nne palepale. "Mtu akijipamba kwa mkono," alisema, "hakuna shanga mbili zinazokaa sawasawa. Hii imepambwa, lakini imepambwa kwa muhuri."

Nililitazama bango langu nikaona alichokiona, na mpaka leo sijaweza kuacha kukiona. Nimefikiri baadaye kwamba sisi tunalihisi jambo hili kuliko wengi, kwa namna lugha yetu ilivyo. Kiswahili kinazijaza A kila mahali. Maneno karibu yote yanaishia kwa irabu, na viambishi vyetu vinazirudia: tu-na-wa, wa-na-ka, a-na-ta-ka. Q na X za Jokerman, ambazo huenda mchoraji alizitolea jasho, mimi sijawahi kuzigusa. A yake nimeichapa maelfu ya mara. Pambo lilelile likirudi mara nne katika neno moja, linaacha kuwa pambo, linakuwa mlio wa mashine.

Mzee aliwahi kukaa Dar es Salaam ujanani, na alipenda kumtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya hadibodi. Nyinyi mliowahi kusimama mbele ya chui wa Tingatinga mnayajua yale madoa. Ni mengi, yamejaza mwili mzima, na macho hayachoki, kwa sababu brashi iligusa mara mia na kila mguso ni wake. Mzee alisema fonti yangu ina tamaa ya madoa hayo ila haina mkono.

Nilimjibu kwamba mkono ninao. Ndipo nilipojifunza kuivunja Jokerman. Kwenye CorelDRAW, programu yetu ya kuchorea, unachagua neno, unabonyeza Ctrl na Q, na maandishi yanaacha kuwa maandishi, yanakuwa mchoro. Kuanzia hapo kila nukta ni yako. A ya kwanza nikaiacha kama ilivyo. Ya pili nikaishusha nukta yake. Ya tatu nikaikuza kidogo, nikaongeza nyingine ndogo jirani yake. Ya nne, ile ya mwisho wa neno, nikaivua mapambo yote isipokuwa moja, ili jicho litulie linapomaliza kusoma. Pia mahali pengine nilibadilisha A kubwa kwa a ndogo, maana kwenye mwandiko huu kuchanganya kubwa na ndogo hakuonekani kosa. Ilinichukua dakika 40. Mteja alipokuja hakujua nimefanya nini. Alisema tu, "Hili limechangamka." Nilifurahi siku nzima.

Somo la pili mzee alinipa kwa kanga. Tulikuwa na kanga kuukuu ya kufunikia mashine ya fotokopi isiingie vumbi. Aliivuta, akaikunjua mezani. "Jina lake limeandikwaje?" aliuliza. Nikatazama. Pindo limejaa maua na korosho pande zote nne, mji umejaa madoa mekundu, na jina, chini pale katikati, limeandikwa kwa herufi kubwa nyoofu zisizo na hata mkia. Nimevaa kanga tangu utoto, nimezisoma mgongoni mwa shangazi zangu na bibi zangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini maneno ya kanga hayarembwi. Yamezungukwa na urembo tayari. Yangerembwa nayo, yangezama.

Kuanzia hapo nikawa na swali moja ninalojiuliza kabla sijafungua orodha ya fonti: ua litakaa wapi? Mteja akija na picha ya nyuma yenye mawaridi, mlima, puto na familia nzima, basi herufi zinakuwa nyoofu. Akitaka herufi zicheze, basi ardhi yake inakuwa rangi moja tupu, nyeupe au njano, na herufi zinachezea uwanja mtupu. Vyote viwili pamoja, hapana. Wapo walionikasirikia kwa kukataa. Mmoja alichukua flashi yake akaenda duka la pili, na nilimwona siku hiyohiyo anapita na bango lake ambalo mimi, niliyejua linasema nini, sikuweza kulisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Umbali nao una hesabu yake. Mafundi wa mabango duniani wana kanuni ya kukadiria: inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi 10 za umbali. Kwa vipimo vyetu, bango la kusomwa kutoka mita 30 linahitaji herufi za sentimita 25 hivi. Hiyo ni kwa herufi nyoofu. Jokerman mimi naiongezea nusu tena, na kama haitoshei ubao, naipunguzia maneno. Maneno mawili ni mengi. Neno moja ndilo kimo chake. Mzee alikuwa anasema neno lililovaa hivi ni kama mtu aliyevaa kwa harusi. Anatakiwa awe bibi harusi, si wageni wote.

Kosa langu kubwa la Ctrl na Q lilikuwa bado linanisubiri. Shule moja ya chekechea ilitaka bango la mahafali, mita 3 kwa mita 1.5. Sisi mashine ya kuchapa mabango makubwa hatukuwa nayo, tulikuwa tunapeleka kazi Arusha, kilomita 80 hivi, flashi inasafiri na dereva asubuhi na bango linarudi jioni. Nilitengeneza neno HONGERENI kwa Jokerman, kila herufi rangi yake, na nilisahau kuligeuza mchoro. Lilibaki maandishi. Faili la namna hiyo halibebi sura ya herufi, linabeba jina la fonti tu na kutegemea kwamba huko liendako fonti hiyo ipo. Kompyuta ya Arusha haikuwa nayo. Ikauliza iweke nini badala yake, mtu akakubali kilichopendekezwa, na bango likachapwa kwa herufi nyembamba za barua ya ofisi, neno limejikunja upande wa kushoto, upande wa kulia pengo jeupe la karibu mita nzima.

Nililikunjua jioni kabla ya mahafali, na mwalimu mkuu wao amesimama pale. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Aliuliza, "Sasa watoto wangu?" na hilo lilinichoma kuliko kama angedai fedha zake.

Tulikesha. Nilikata HONGERENI upya kwa stika, herufi za sentimita 35, tukafunika lile neno baya kwa stika nyeupe na kubandika zile mpya juu yake. Na hapo nikauona mwandiko huu kwa mara ya kwanza katika ukubwa wake unaostahili. Nukta zilizokuwa zinanitesa kwa sindano sasa zilikuwa kubwa kama sarafu ya shilingi 200, zinachambulika kwa kidole. Mizunguko ilionekana ni mizunguko. Kila kilichoonekana uchafu kwenye kadi ya A5 kilikuwa na mahali pake na sababu yake. Asubuhi tulilitundika mimi na mlinzi wa shule kati ya miparachichi miwili. Watoto walipofika, kabla mwalimu hajawapanga, mmoja alilikimbilia bango, akaweka kidole kwenye nukta ya chini na kuanza kuhesabu kwa sauti. Wenzake wakamfuata. Walikuwa hawajui kusoma neno lile refu, lakini walijua kwamba lile ni lao.

Kwa hiyo ninaposikia vijana waliosoma usanifu wa michoro wanaizomea Jokerman, siungani nao. Najua wanachokichukia: wameiona kwenye mihuri, kwenye barua za kuomba kazi, kwenye matangazo ya viwanja, nami nimeiona huko pia, na nyingine nimeziweka mwenyewe. Lakini Algerian, fonti nyingine ya mapambo, nayo tumeibebesha kila cheti na kila kadi ya harusi, na hakuna anayepiga kelele sana, kwa sababu Algerian ina sura ya heshima. Ile tuliyo nayo kwenye kompyuta ina herufi kubwa tupu, zina kivuli, zimesimama kama wazee wa kanisa. Inaonewa vilevile, mtu anaandika aya nzima kwa herufi kubwa za kivuli. Tofauti ni kwamba mtu mzima akivaa vibaya tunanyamaza, mtoto akichafuka tunamgombeza.

Mahali ambapo Jokerman imenipa raha ni pachache na napajua. Chekechea. Kibanda cha juisi ya miwa. Saluni ya kusuka watoto. Keki ya siku ya kuzaliwa, ile karatasi ya juu. Lebo za madaftari. Neno MTORI kwenye ubao mweupe wa mama mmoja wa Majengo, herufi tano, rangi ya ndizi mbivu, na chini yake kwa herufi nyoofu: kuanzia saa 12 asubuhi. Madereva wa Himo na Marangu wanaliona wakiwa bado mbali.

Mama huyohuyo alinirudia baadaye anataka ubao wa pili juu ya dirisha, mwembamba, usiozidi kiganja na nusu kwenda juu, wenye orodha: supu ya kongoro, ndizi nyama, maharage. Alitaka mwandiko uleule. Nikamkatalia, na nikampa Hobo. Hiyo ni ya zamani zaidi, ilitolewa Marekani mwaka 1910 na kiwanda cha American Type Founders, mchoraji wake Morris Fuller Benton. Nayo ni ya ajabu kwa namna yake: karibu haina mstari ulionyooka hata mmoja, kila kitu kimepinda kidogo kama bua la mgomba, na herufi zake hazining'inii. Andika g, p, y kwa fonti nyingine, mikia inashuka chini ya mstari na inakudai nafasi. Kwenye Hobo mikia imekunjwa juu, herufi zote zimekaa sakafuni. Kwa maneno kama supu, nyama na kongoro, hiyo ni zawadi: kwenye ubao wa sentimita 20 unapata herufi kubwa zaidi, kwa sababu huachi nafasi ya mikia. Ule ubao bado upo. Moshi wa kuni umeugeuza rangi, na bado unausoma ukiwa umesimama kwenye foleni.

Nilikuwa na sheria moja ambayo sikuwahi kuivunja: mwandiko unaocheza hauingii msibani. Watu huja wamechoka, hawana nguvu ya kuchagua, wanasema weka wowote. Hapo ni kazi yangu kuwachagulia herufi iliyotulia. Niliona sheria hiyo ni ya adabu tu, haihitaji mjadala.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutengeneza kadi za misa ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu binti yake afariki. Mtoto alikuwa darasa la tatu. Aliniletea daftari la hesabu lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, na kwenye jalada kulikuwa na lebo yenye jina la mtoto kwa Jokerman. Lebo ilikuwa yetu. Niliichapa mwenyewe, moja kati ya mamia tunayochapa kila Januari. Akasema anataka jina liandikwe hivyo.

Nilianza kumweleza, kwa upole, kwamba kwa kadi ya misa ingefaa kitu kilichotulia zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, yeye jina lake alilizoea hivi. Alikuwa analifuatisha kwa kalamu." Akafungua ndani. Kurasa za nyuma za daftari zilikuwa zimejaa jina hilo kwa penseli, mara kumi, mara ishirini, na mkono wa mtoto umejitahidi kuweka nukta na mizunguko, kila mara mahali tofauti kidogo.

Niliandika jina peke yake kwa Jokerman, pointi 48, katikati ya kadi nyeupe. Maneno mengine yote kwa herufi nyoofu, ndogo, mbali na jina. Nikatoa nakala ya kwanza nikampa.

Aliitazama, akaiweka sambamba na lebo ya daftari. Akatikisa kichwa. "Hapa mmeongeza nukta," alisema.

Nikainama tutazame wote. Kwenye lebo ya zamani, herufi ya mwisho ya jina haikuwa na nukta yake. Wino ulikuwa umeruka siku ile ninachapa, na mimi sikugundua. Nikageuza kurasa za nyuma za daftari. Mtoto naye, kila alipofuatisha, herufi ya mwisho aliiacha bila nukta.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikachagua jina, nikabonyeza Ctrl na Q, nikaisogelea herufi ya mwisho mpaka ikajaza kioo kizima, nikagusa ile nukta, nikaifuta. Nikachapa tena.

"Hapo sasa," mama alisema.